Mwito Usiovuka Bahari: Giaboksi, Viwanda na Wenye Magari wa Bwiza

Kiwanda cha magari kinapogundua kwamba aina fulani ya gari ilitoka na kasoro ya hatari, sheria za nchi nyingi zenye viwanda hukilazimisha kuwatangazia wenye magari hayo wayapeleke yakatengenezwe bila malipo. Katika insha hii nitaliita tangazo hilo mwito. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: kwa nini magari ya Japani yanafika Bujumbura, lakini miito yake haifiki? Jibu la haraka ni umbali na umaskini. Nakubali kwamba yote mawili yamo, ila historia inaonyesha sababu nyingine. Mwito haukutokana na wema wa viwanda. Ulitokana na malalamiko ya wenye magari yaliyoandikwa, yakahesabiwa na yakahifadhiwa mahali ambapo kiwanda hakikuweza kuyafuta. Gari linapouzwa ng'ambo, daftari la malalamiko yake hubaki nyuma, na mnunuzi wa hapa huanza upya kama mtu wa kwanza kupatwa na tatizo hilo.

Nimechagua giaboksi, ambayo katika gereji nyingi za Bwiza na Buyenzi huitwa kwa Kifaransa boîte, kwa sababu ndiyo sehemu inayozua ugomvi mwingi kati ya mwenye gari na fundi. Injini ikiharibika huonekana: hutoa moshi, hugonga, huchemka. Giaboksi huficha. Inaweza kusumbua asubuhi na kunyamaza mchana, hasa ile ya otomatiki, ambayo hutegemea mafuta maalumu, vali ndogo na kompyuta. Na mji wetu hauihurumii. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa takriban mita 780, na barabara ya kwenda Bugarama hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kwa kona nyingi mfululizo. Gari lililokuwa likienda sokoni tambarare huko lilikotoka hupakia hapa watu na magunia, kisha likaupanda mlima huo kila siku.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa huko ndiko mwito ulikopata nguvu ya sheria. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu kilichovishutumu viwanda kwa kuuza magari hatari huku vikijua. Mwaka uliofuata, Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari. Sheria hiyo ilivitaka viwanda viwaarifu wenye magari kuhusu kasoro, lakini haikuvilazimisha kulipia matengenezo. Mwenye gari angeweza kupokea barua ya kumwambia kwamba gari lake ni la hatari, kisha akaachiwa gharama. Ilichukua hadi 1974 ndipo sheria ikarekebishwa na matengenezo yakawa ya bure. Hata hapo kulikuwa na mpaka wa umri: gari lililozidi miaka 8 lilikosa haki hiyo. Mpaka huo uliongezwa hadi miaka 10 mwaka 2000, na hadi 15 mwaka 2015. Tukumbuke mpaka huu, maana magari mengi tunayopanda Bwiza yameshaupita.

Sheria ilipokuwa na nguvu, giaboksi ndiyo iliyoijaribu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilipokea maelfu ya malalamiko kuhusu magari ya Ford yenye giaboksi za otomatiki. Dereva aliweka gia ya kuegesha, akashuka huku injini ikiwaka, na gari likajiingiza katika gia ya kurudi nyuma. Watu waliumia na wengine walikufa. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 23. Mwisho wa 1980 shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano: Ford haikuyaita magari yarudishwe, bali iliwatumia wenye magari vibandiko vya kubandika ndani ya gari, vya kuwakumbusha kuhakikisha gia imekaa sawasawa kabla ya kushuka. Kwa maneno mengine, kasoro ya chuma ilihamishwa ikawa wajibu wa dereva. Hilo lilitokea katika nchi yenye sheria, mahakama na magazeti makubwa.

Japani inatuhusu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotuletea magari mengi. Mfumo wa miito ulianza huko 1969, mwaka ambao magazeti yalifichua kwamba viwanda vya Japani vilikuwa vikitengeneza kasoro kimyakimya bila kuutangazia umma. Lakini kuwepo kwa mfumo hakukumaliza usiri. Mwaka 2000, baada ya mtu asiyejulikana kutoa taarifa, wakaguzi wa serikali waligundua kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa ikiyaficha malalamiko ya wateja. Kampuni ilikuwa na mafungu mawili ya malalamiko: yale ya kuonyeshwa wakaguzi, na yale ya kufichwa. Ilikiri kwamba mchezo huo ulikuwa umedumu zaidi ya miaka 20.

Ukweli wote ulikuwa bado haujatoka. Oktoba 2002, katika mkoa wa Yamaguchi, dereva wa lori alikufa baada ya breki za lori lake kukataa. Chanzo hakikuwa breki zenyewe. Lilikuwa ganda la chuma linalofunika klachi na kuiunganisha injini na giaboksi. Ganda hilo likipasuka, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma huweza kuanguka na kukata mabomba ya breki. Mwaka 2004 ndipo Mitsubishi Fuso ilipokiri kasoro hiyo hadharani na kuyaita malori yake. Rais wa zamani wa Mitsubishi Motors, Katsuhiko Kawasoe, alikamatwa mwaka huo pamoja na wakubwa wenzake kadhaa, na Januari 2008 mahakama ya Yokohama iliwatia hatiani na kuwapa vifungo vya nje.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Fuso si jina geni. Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, neno hilo limekuwa jina la kawaida la lori, hata watoto wanalijua. Siwezi kusema kwamba lori fulani linalopita Kobero lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa. Ninachosema ni kwamba kama lingekuwemo, mwenye lori wa hapa asingekuwa na njia ya kawaida ya kuambiwa, kwa sababu mwito humfuata mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili la Japani.

Hapa ndipo safari ya gari la mtumba inapopaswa kutazamwa kama historia ya karatasi. Gari linapouzwa nje ya Japani, usajili wake hufutwa na hutolewa cheti cha kulisafirisha. Likipanda meli, halina tena mwenyewe katika daftari la huko. Likiteremka Dar es Salaam, hupewa karatasi za kupita nchini. Likifika Burundi, huandikishwa upya na mwenyewe hupewa carte rose. Karatasi hizi zote zinajua rangi ya gari, mwaka wake, namba ya chasisi na kodi iliyolipwa. Hakuna hata moja inayobeba habari za ugonjwa wake. Usukani wenyewe unatukumbusha kwamba gari hilo halikutengenezwa kwa ajili yetu: uko kulia, wakati sisi, kwa urithi wa Wabelgiji, tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na dereva hukaa karibu na mtaro.

Nitoe mfano wa nyumbani, nisiseme gari la kampuni gani. Baba yangu mdogo, anayeishi Bwiza, alinunua gari dogo la otomatiki alifanye teksi. Baada ya miezi michache likaanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi, kisha linashtuka kama limepigwa teke. Fundi wa kwanza alibadilisha mafuta ya giaboksi. Wa pili alisema, "Mzee, dereva wako ndiye anayeliua, analipandisha mlima kama lori." Baba mdogo akamfukuza dereva, kijana mwenye mke na mtoto. Wa tatu alileta giaboksi ya mtumba iliyotolewa katika gari lililogongwa, nayo baada ya muda ikafanya yaleyale. Ndipo jirani mmoja aliyewahi kusoma Japani alipoiingiza namba ya chasisi katika ukurasa wa kiwanda, ulioandikwa kwa Kijapani. Gari lilikuwa limeshaitwa huko kwa ajili ya programu ya kompyuta inayoongoza giaboksi, na mwito huo ulikuwa bado haujatekelezwa. Tulipouliza namna ya kusaidiwa, tuliambiwa kwamba matengenezo ya bure ni kwa magari yaliyosajiliwa Japani. Kijana yule aliyefukuzwa alikuwa ameshahamia mji mwingine, na baba mdogo hakuwa na namba yake mpya.

Ningependa wasomaji wasione kisa hiki kama ushahidi dhidi ya mafundi wetu. Mafundi wa Buyenzi na Bwiza wana historia yao. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara ambavyo vilisimamishwa Januari 1999. Bidhaa kutoka nje zilipungua na bei zikapanda, mafuta yakiwemo. Katika hali ya namna hiyo, gari linalotembea ni lile ambalo fundi ameweza kulifufua kwa vipande vya gari lingine. Na sasa, katika miaka hii ya uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni, ujuzi huo unahitajika tena. Lakini ujuzi wa kufufua si sawa na ujuzi wa kukumbuka. Fundi anaijua kasoro kwa mikono yake. Akihama au akifa, anaondoka nayo. Gereji ya pili, hatua mia mbili kutoka hapo, inaanza kubahatisha upya kwa fedha ya mteja mwingine.

Tena, lawama kwa dereva si desturi yetu peke yetu. Aprili 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi iitwayo PowerShift. Wateja walieleza kwamba magari yao yanatetemeka. Mara nyingi waliambiwa kwamba tatizo ni namna wanavyoendesha, ingawa kampuni ilijua kwamba mtetemo huo ulikuwa dalili ya ubovu wa magari yenyewe. Maneno waliyoambiwa hayana tofauti na yale ya fundi wa pili wa baba mdogo. Tofauti ni kwamba wale walalamikaji walikuwa wengi, malalamiko yao yaliandikwa, na palikuwa na chombo cha serikali cha kuwatetea watumiaji kilichoyapeleka mahakamani. Fundi wetu hakuwa na cha kuficha. Alikisia tu, kwa kuwa hakuna mahali ambapo angeweza kusoma kwamba magari mengine kumi ya aina ileile yalikwisha kuteleza vilevile.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba anayenunua gari la bei nafuu lenye miaka 15 ameshakubali ubovu wake, na kwamba hakuna kiwanda kinachoweza kulihudumia milele. Hoja hiyo ina uzito, na mipaka ya umri katika sheria ya Marekani inaonyesha kwamba hata huko wanaikubali. Lakini kuna tofauti kati ya uchakavu na kasoro. Uchakavu ni haki ya gari kuzeeka. Kasoro ni kosa la tangu kiwandani, na haligeuki kuwa la mnunuzi wa tatu kwa sababu bahari imevukwa. Hata kama kiwanda hakitalipa, mnunuzi ana haki ya kujua alichonunua kabla ya kumpakia mtu na kupanda naye Bugarama.

Kwa hiyo hitimisho langu ni dogo kuliko malalamiko yaliyonifikisha hapa. Historia niliyoieleza haionyeshi nchi yoyote ambako viwanda vilianza kusema kweli kwa hiari. Inaonyesha wenye magari walioandika, na vyombo vilivyokataa maandishi yao yapotee. Sisi tunaweza kuanza na daftari. Vyama vya madereva wa teksi na gereji za Bwiza na Buyenzi vinaweza kuandika mambo matano kwa kila giaboksi inayofunguliwa: aina ya gari, mwaka wake, mwanzo wa namba ya chasisi, dalili, na kilichokutwa ndani. Wanafunzi wanaojua kutumia intaneti wanaweza kuzilinganisha namba hizo na miito iliyotangazwa Japani na kuitafsiri kwa Kiswahili na Kirundi. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na magari tunayopanda ni yaleyale yanayopandwa Kigoma, Mwanza na Kampala; daftari la Bwiza likijaa litawafaa na wao. Nimeanza na gereji mbili za jirani. Hadi ninapoandika, daftari lina giaboksi 14, na tatu kati yake ni za gari la aina moja, zenye dalili moja.