Gobore la mitutu miwili: faida na hatari ya risasi ya pili

Mlangali, kwenye barabara inayotoka Njombe kwenda Ludewa, ni nchi ya watu waliojua chuma. Wapangwa walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha katika tanuri za udongo, wakafua majembe na mikuki kabla Mjerumani hajakanyaga nyanda hizi. Hazina ya chuma ya Liganga imo katika wilaya hiyohiyo ya Ludewa. Bunduki, hata hivyo, iliwafikia kutoka pwani.

Ilikuwa bunduki ya kushindilia: gobore. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, inafuata nguo au nyuzi za kuibana, kisha risasi, na vyote husukumwa kwa mdeki mpaka chini. Ile ya zamani zaidi, gumegume, ililipuka kwa cheche za jiwe. Fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, ilianza kuchukua nafasi ya jiwe Ulaya katika miaka ya 1820. Majeshi ya huko yalipohamia bunduki za kujazia nyuma, kuanzia miaka ya 1860, shehena za silaha kuukuu zilitafutiwa wanunuzi, na Zanzibar ikawa mlango wake mkubwa upande huu wa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Misafara ya pembe za ndovu ikazipandisha bara.

Miaka miwili baadaye mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuzuia biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mwindaji Mwafrika alibakiziwa, kwa sheria iliyoandikwa mbali naye, silaha ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuitupa.

Kasoro kubwa ya gobore ni muda. Ukikosa shabaha, kushindilia upya kwaweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na nguruwe pori aliyejeruhiwa hakupi nusu dakika. Hapo ndipo mtutu wa pili ulipopata thamani: risasi moja ikipotea, nyingine ipo tayari. Mwindaji angeweza pia kuweka risasi nzito upande mmoja na marisau ya ndege upande wa pili, akawa ameshika bunduki mbili kwa mkono mmoja.

Lakini mitutu miwili haikumwokoa mmisionari David Livingstone. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika Afrika Kusini ya leo, alimfyatulia simba mitutu yote miwili. Akiwa bado anashindilia risasi upya, simba akamrukia na kumvunja mkono. Mwalimu Mebalwe akaja kumwokoa na gumegume yake, nayo ya mitutu miwili, na ikakataa kuwaka pande zote mbili! Simba alimgeukia Mebalwe, akamuuma paja, akamrukia na mtu wa tatu, kisha akaanguka na kufa kwa majeraha ya risasi za mwanzo. Ni mfupa wa mkono huo uliovunjika uliotumika London mwaka 1874 kuthibitisha kuwa maiti ambayo watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliibeba kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo ilikuwa ya Livingstone kweli.

Risasi zake zilipiga, naam, ila baada ya ya pili alibaki na gogo la chuma mkononi.

Kuna hatari nyingine ambazo hazionekani kwa macho. Mtutu mmoja ukilipuka, mshtuko wake unaweza kuilegeza risasi iliyo katika mtutu wa pili na kuisogeza mbele, mbali na baruti yake. Ukifyatua hivyo, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Mwindaji wa zamani aliyekuwa makini alipitisha mdeki tena kuhakikisha risasi ya pili imekaa, naye akifanya hivyo mkono wake umeelekea mdomo wa bunduki iliyojaa. Halafu kuna kusahau. Katikati ya pilikapilika ni rahisi kuujaza mtutu uleule mara mbili na kuuacha mwenzake mtupu. Mwindaji Mwingereza Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu la akiba na ambaye aliuawa Beho Beho Januari 1917, aliyaonja hayo kwa bunduki ya mtutu mmoja tu: katika miaka ya 1870, akiwinda ndovu, msaidizi wake alilijaza gobore mara ya pili ilhali mzigo wa kwanza haujatoka. Selous alipofyatua alirushwa hewani, akaangukia uso mchangani. Kwenye mitutu miwili, nafasi ya kukosea namna hiyo inaongezeka.

Tena kuna uzito, na kwa milima ya Upangwa hilo si jambo dogo. Ukungu na mvua za Novemba hadi Aprili nazo hulowesha baruti bila kujali idadi ya mitutu.

Vita vya Majimaji vilipofika Ubena na Upangwa mwaka 1905, magobore yalisimama mbele ya bunduki za rashasha, na matokeo yanajulikana. Kwa upande wa uwindaji, kanuni zilikuwa zimeanza tangu enzi za Gavana wa Kijerumani Wissmann, mwaka 1896. Leo uwindaji unataka leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumiliki silaha kunasimamiwa na sheria ya 2015.

Kwa uwindaji, basi, mitutu miwili ilikuwa bora pale tu ilipotengenezwa na fundi wa kweli na kushikwa na mtu mtulivu. Gobore la kujitengenezea, la kuunga mabomba mawili ya maji, halifai kabisa. Mwenye nalo yuko hatarini kuliko mnyama anayemlenga.

Aliyeachiwa gobore na babu yake, liwe Mlangali au Makambako, asilijaribu wala asilichokonoe. Baruti iliyoshindiliwa miaka mingi iliyopita inaweza bado kuwaka. Atoe taarifa kituo cha polisi aambiwe namna ya kulisalimisha. Septemba ya kila mwaka imetengwa na Umoja wa Afrika kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu.