Malenga na Waitikiaji Wake: Historia Fupi ya Albamu ya Mtu Mmoja Katika Rapu ya Kiswahili, Ikitazamwa Kutoka Kwale

Mwanarapu aliyedumu miaka mingi katika kundi anapotoa albamu kwa jina lake peke yake, wasikilizaji husema kwamba sasa "amejitegemea". Wahakiki wachache waliojishughulisha na fani hii nao wameelekea kuupokea usemi huo bila ya kuuhoji. Huchukuliwa kwamba kundi ni utoto wa msanii na albamu ya pekee ni utu uzima wake. Kwamba safari kutoka "sisi" hadi "mimi" ni safari ya maendeleo. Nia ya makala hii ni kuonyesha kuwa mtazamo huo umeazimwa, na kwamba historia ya utungo katika pwani ya kusini ya Kenya, yaani eneo linaloanzia Likoni na kupita Diani, Gasi na Msambweni hadi Vanga, inatupa mtazamo mwingine wenye manufaa zaidi. Neno tunalolihitaji tunalo tayari, nalo ni malenga.

Katika matumizi ya leo ya madarasani, malenga ni mshairi, basi. Jina hilo limeimarishwa na mfululizo wa diwani ambazo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anazijua: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971), Malenga wa Mrima ya Mwinyihatibu Mohamed (1977) na Malenga wa Vumba ya Boukheit Amana (1982). Hebu tuzitazame anwani hizo kwa makini. Kila moja inamtaja mtu mmoja, lakini papo hapo inamfunga mtu huyo na mahali. Hakuna malenga wa hewani. Fauka ya hayo, malenga wa kale hakuwa mtu wa kalamu tu. Alikuwa mwimbaji wa kutajika, mtu aliyesimama mbele ya ngoma, akatoa ubeti, na wengine wakauitikia. Umalenga wake ulithibitishwa na waitikiaji. Lau wangenyamaza, angebaki mtu anayejisemea njiani.

Vumba inayotajwa katika diwani ya Amana ni ya wilaya hii. Magofu ya Vumba Kuu yapo karibu na mpaka wa Tanzania, na lahaja ya Kivumba, au Chivumba kama wenyewe wanavyoiita, husemwa Wasini, Vanga na Jimbo. Watawala wa Vumba walikuwa na cheo cha Diwani, jambo ambalo A. C. Hollis aliliandika mwaka 1900 alipokuwa akikusanya habari za historia yao. Kwamba neno hilohilo katika Kiswahili ni jina la kitabu cha mashairi ni sadfa ya kupendeza tu, na sitaki kuijengea nadharia. Lililo muhimu ni kwamba eneo hili, ambalo katika vitabu vingi vya historia ya fasihi hutajwa kwa sentensi moja baada ya Lamu, Pate na Mombasa kushiba kurasa, lilikuwa na dola yake, lahaja yake na watunzi wake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, wahakiki wa baadaye waliihurumia Kimvita kwa kushindwa. Kivumba hakikuwapo hata katika mashindano.

Upande wa bara kidogo kuna Wadigo na Waduruma, na ngoma yao ya sengenya. Msikilizaji wa Kiswahili huwa anatabasamu anapolisikia jina hilo, kwa kuwa linamkumbusha kitenzi cha kumteta mtu asipokuwapo. Sidai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Nasema tu kwamba katika ngoma hii mtu husemwa akiwapo. Kuna kiongozi anayeanzisha wimbo, kuna wanaomjibu, kuna ngoma na upatsu wa chuma unaolia juu ya vyote. Kiongozi ana sifa yake na watu humtaja kwa jina, na kijiji hiki hujivunia wake dhidi ya kijiji kile. Kwa hivyo sifa ya mtu mmoja na sauti ya wengi hazikupata kuwa vitu viwili vinavyogombana. Hapa ndipo mtazamo wa "kujitegemea" unapoanza kuyumba.

Rapu ya Kiswahili ilipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikuzaliwa Kwale, na hatuna sababu ya kudai kwamba ilizaliwa huko. Saleh J alitangulia Dar es Salaam kwa kuyaweka maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani. Kundi la Kwanza Unit likafuata. Mwaka 1995 Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, akatoa Ni Mimi. Anwani hiyo ni fupi na ina kiburi halali: mtu mmoja, nafsi ya kwanza umoja, hakuna zaidi. Nchini Kenya, Kalamashaka wa Dandora walikuja mwishoni mwa muongo huo na "Tafsiri Hii", wakifuatiwa na Ukoo Flani wa Mombasa, ambao baadaye waliungana na wenzao wa Nairobi wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Jina Ukoo Flani lina urefu wake uliofichwa: Upendo Kote Olewenu Ombeni Funzo La Aliyetuumba Njia Iwepo. Tungo za aina hii, ambapo kila herufi ya jina hufungua neno, si ngeni kwa mtu aliyezisoma tenzi zinazofuata herufi za alfabeti. Lakini nasaba waliyoichagua vijana hawa ni ukoo. Hawakujiita bendi.

Pwani ya kusini katika miaka hiyo ilikuwa na muziki wa aina mbili uliotazamana bila kusalimiana. Wa kwanza ulikuwa wa hotelini. Diani ilikwisha kuwa ufuo wa wageni, na bendi za hoteli zilihitaji nyimbo ambazo mgeni angeweza kuziimba baada ya siku mbili. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotoka miaka ya mwanzo ya 1980, ndiyo kilele cha muziki huo, na si haki kuudharau: ni kazi iliyosanifiwa vyema kwa kusudi lake. Ila kusudi lenyewe ni kumwambia msikilizaji kwamba hakuna neno, mambo ni mazuri. Wa pili ulikuwa muziki wa vijijini, wa ngoma za harusi na matanga, uliosema kwamba kuna neno tena kubwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimekwisha kufungwa. Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni na kuenea kusini, watu wakauawa, maelfu wakahama, na ufuo wa hoteli ukabaki mtupu kwa muda. Kijana wa Ukunda aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka huo alijikuta kati ya lugha ya hoteli isiyoweza kuutaja mkasa wake na lugha ya ngoma ambayo wazee waliimiliki. Rapu ilipata nafasi katika pengo hilo.

Nayo ilimfikia kwa njia mbili, kutoka Likoni na kutoka mpakani Lunga Lunga. Kwa msikilizaji wa Msambweni, Tanga si mbali kuliko Malindi. Kiswahili kilichotoka ng'ambo ya mpaka hakikumhitaji mkalimani, ilhali Sheng ya Dandora, pamoja na ujasiri wake wote, ilimlazimu asikilize mara mbili. Ndiyo maana albamu ya mtu mmoja iliyo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni ya Mtanzania.

Joseph Haule alikuwa mmoja wa Hard Blasters, kundi lililotoa Funga Kazi mwaka 2000. Mwaka uliofuata, kwa jina la Professor Jay, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, Machozi, Jasho na Damu, iliyotengenezwa katika studio ya Bongo Records ya P Funk. Kwa mujibu wa hadithi ya kujitegemea, hapa tungetarajia kusikia nafsi ikijisimulia. Badala yake, wimbo mashuhuri kupita wote katika albamu hiyo ni "Ndio Mzee", ambao umejengwa juu ya kibwagizo cha umati. Mwanasiasa anasimama jukwaani, anatoa ahadi zinazozidi kuvimba hadi zinapita akili, na kila baada ya ahadi umati unamwitikia. Kejeli ya utungo haimo katika ahadi peke yake. Imo katika uitikiaji. Kadiri ahadi zinavyopotea njia ndivyo itikio linavyobaki palepale, thabiti, la adabu. Mtunzi ameichukua kunga kongwe kupita zote za ngoma, kiongozi na waitikiaji, akaigeuza iwe shtaka dhidi ya wote wawili. Lau wimbo huu ungetungwa katika kundi, ambapo wenzake wangekuwa ndio waitikiaji wa kweli, sidhani kama ungeuma vile. Ilibidi mtu awe peke yake ili umati uwe mhusika.

Msikilizaji wa Kenya wa mwaka 2001 alikuwa na sababu ya ziada ya kuuelewa. Utawala wa Moi ulikuwa katika mwaka wake wa mwisho lakini mmoja, na kwaya za shule zilikuwa zimewafundisha watoto wa taifa zima kuitikia. Msikilizaji huyo hakuhitaji kuelezwa mzee ni nani.

Hapa yafaa tuligusie lile suala lililowagawanya wataalamu wetu kwa miongo miwili, suala la vina na mizani. Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria kitabuni mwaka 1954: kina cha kati, kina cha mwisho, mizani kumi na sita ya mshororo. Kezilahabi akazivunja kwa Kichomi mwaka 1974. Mulokozi na Kahigi wakamtetea, Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) akasimama upande wa jadi, na kila mhadhiri akachagua kambi. Wakati mabishano hayo yakiendelea katika kurasa za majarida, kizazi ambacho hakikuwa kimeyasoma kilikuwa mitaani kikitunga kwa vina. Fid Q wa Mwanza aliipa albamu yake anwani Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Msomaji wa Amri Abedi ataona mara moja kilichotendeka: sheria ilidai kati na mwisho, na huyu amejitwika na mwanzo pia. Ni utani wa mwanafunzi anayemzidi mwalimu kwa utiifu. Hata hivyo mizani imekwenda, kwa sababu katika rapu mdundo ndio unaoshika hesabu, na silabi zaweza kusongamana au kutawanyika mradi pigo lifikiwe. Mtu aliyesikia kiongozi wa sengenya akisokota maneno mengi katika nafasi ndogo kabla ya itikio halishangai jambo hili. Mgogoro wa ushairi ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mgogoro wa watu waliosoma mashairi kwa macho.

Turudi kwa Ukoo Flani. Mwaka 2004 wao na wenzao wa Nairobi walishiriki katika albamu iliyoitwa Kilio cha Haki. Anwani hiyo ilikwisha kutumika: ni ya tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981, juu ya mgomo wa wafanyakazi, na mwandishi wake aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Si lazima kuthibitisha kwamba vijana waliichukua kutoka kitabuni. Kilio kilekile kilihitaji jina lilelile, na kwamba miaka zaidi ya ishirini ilipita baina ya kazi hizo mbili bila jina kuchakaa ni jambo linaloisema Kenya vibaya. Katika kazi za ukoo huu mkubwa, lugha ilibidi iwe daraja. Mpwani na mwana wa Dandora walikutana katikati, na katikati ilikuwa karibu zaidi na Dandora.

Sasa tumwangalie mmoja wao alipotoka peke yake. Alai K, mmojawapo wa waasisi wa Ukoo Flani, alihamia Ulaya, na katika miaka ya 2010 akatoa kazi kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala kwa jina la Disco Vumbi. Ni muziki wa kielektroniki unaochota midundo ya ngoma za Pwani. Mhakiki aliyezoea kutafuta fani na maudhui katika maneno atapata taabu hapa, maana mtunzi ametanguliza ngoma. Lakini jina limebeba maudhui ya kutosha. Disko vumbi ni dansi ya usiku ya kijijini, spika zikifungwa mitini na watu wakicheza juu ya ardhi tupu. Binamu yake ni disko matanga, ile ya kuchangia gharama za mazishi, ambayo maofisa wa utawala Kwale na Kilifi wameipiga marufuku mara kwa mara wakiihusisha na mimba za wanafunzi. Hofu ya wazazi na walimu ina msingi, na hapa si mahali pa kuikejeli. Ila yapasa kusema kwamba marufuku hizo huondoa pia mojawapo ya mikusanyiko michache ambamo kijana wa Msambweni humsikia mtunzi wa kijiji cha pili. Mtu aliyekuwa sauti moja katika ukoo wa sauti nyingi, alipopewa uhuru wa kujiita apendavyo, hakujiita kwa jina la kujitukuza. Alijiita kwa jina la mkusanyiko, tena mkusanyiko unaotiliwa shaka.

Tukiyaweka pamoja, Professor Jay anaubeba umati ndani ya albamu yake ili aushtaki, na Alai K anaubeba ili aucheze. Kwa wote wawili upweke ni wa kwenye jalada. Tofauti na Mr. II wa 1995, ambaye kweli alikuwa akitangaza "mimi" katika fani iliyokuwa haijatambua bado kwamba Mswahili anaweza kuisema, wakongwe wa baadaye hawakuwa na haja ya tangazo hilo.

Kuna tofauti moja ya kimaandishi inayofaa kuzingatiwa na mwanafunzi atakayeifanyia kazi mada hii. Diwani iliyochapwa humtaja malenga na mhariri wake, ikaishia hapo. Waliokuwa wakiitikia Vanga na Wasini hawamo katika Malenga wa Vumba. Jalada la albamu, hata ile ya mtu mmoja, aghalabu humtaja produsa, studio, wageni waliotia sauti na mwimbaji wa kiitikio. Atakayenukuu matini ya "Ndio Mzee" kwa ajili ya tasnifu ataandika maneno ya umati kwa hati gani, na chini ya jina la nani?