Mpumbu wa Luapula na Sheria Iliyochelewa

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, uwe makao ya machimbo ya magharibi ya kampuni ya Union Minière. Mwaka uleule, tarehe 21 Aprili, serikali ya Wabelgiji ilitoa amri juu ya uwindaji na uvuvi katika Kongo. Mji wa shaba na sheria ya samaki walizaliwa pamoja, lakini mji ulikua upesi kuliko sheria.

Wachimbaji walipewa posho, na posho hutaka kitoweo. Samaki wengi wa Katanga walitoka mto Luapula, ambao maji yake hupita ziwa Mweru, hutoka kwa jina la Luvua, na kuingia Lualaba kule Ankoro. Huko Kasenga wafanya biashara Wagiriki waliwanunua, wakawatia barafu, wakawapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Samaki aliyesifiwa sana ni mpumbu. Mvua ziliponyesha, alipanda mto makundi kwa makundi kwenda kutaga mayai. Zamani wazee wa koo, wenye mto, ndio waliofungua uvuvi kwa matambiko. Biashara ilipokuja, nyavu zilitandwa njiani mwake. Fikiri, msomaji: jike akikamatwa kabla ya kutaga, maelfu ya watoto hupotea pamoja naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha.

Mbona hawakuzuiwa? Kwanza, mto ni mpaka. Ng'ambo walitawala Waingereza, huku Wabelgiji. Katazo la upande mmoja humneemesha mvuvi wa upande wa pili. Pili, serikali iliyopaswa kuzuia wavu ndiyo iliyotaka kitoweo rahisi kwa wachimbaji. Mtu hawezi kuwa mlinzi wa shamba na mlaji wa mbegu.

Siku hizi Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi tangu 1 Desemba hata mwisho wa Februari, na wakuu wa Haut-Katanga nao hutangaza miezi ya kufunga. Ni vema, kwa kuwa samaki hana pasipoti. Lakini tangazo peke yake si ulinzi. Mvuvi naye ana watoto, na miezi mitatu ni mirefu kwa asiye na shamba.

Basi, hata kwetu Kolwezi, penye ziwa Nzilo lililotokea Lualaba ilipozibwa miaka ya 1950, ulinzi na uanzie sokoni. Samaki mchanga asiponunuliwa, wavu wa matundu madogo utaozea nyumbani.