Kutoka Mulago hadi Mitokondria: Uvimbe wa Kampala katika Historia ya Protini za Maabara

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo huko Jinja. Makala aliyoyachapisha mwaka 1958 ndiyo yaliyoutambulisha ugonjwa huo ng'ambo, ingawa haukuwa mgeni Buganda: kumbukumbu za Albert Cook katika Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, zilikwisha kuwa na wagonjwa wa aina hiyo.

Makala haya yanafuatilia kilichotokea baada ya vipande vya uvimbe huo kuvuka bahari, na tatizo la istilahi lililoachwa nyuma yake.

Mnamo Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Tangu hapo sampuli zikawa zinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hazikuonyesha kirusi chochote. Desemba 1963 ukungu uliilazimu ndege kutua Manchester. Sampuli ilipofika maabarani maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa hadubini akaona seli hai zikielea huru, na katika seli zilizokuzwa kutokana nazo kirusi kilionekana mwanzoni mwa mwaka 1964. Kilipewa jina la Epstein na Barr. Bert Achong, mwenzao katika makala ya Machi 1964, hakuingizwa katika jina hilo. Watoto wa Uganda hawakufikiriwa kabisa.

Umuhimu wa seli hizo ulijitokeza zaidi pale utafiti ulipofika kwenye mitokondria. Wanafunzi hufundishwa kwamba mitokondria ni jiko la seli. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwaka 1996 ilibainika kwamba protini ya mitokondria iitwayo saitokromu c, ikivuja, huamsha mfululizo wa matukio unaoiua seli. Protini ya Bcl-2, iliyo kwenye utando wa mitokondria, huzuia uvujaji huo. Kirusi cha Epstein-Barr kina protini yake, BHRF1, inayofanana na Bcl-2 kwa umbo na kazi. Seli za limfoma ya Burkitt kwa kawaida huwa na Bcl-2 kidogo sana. Katika baadhi ya uvimbe, mwigo huo wa kirusi ndio unaozikinga zisife.

Ili kuchunguza mambo haya, watafiti huhitaji protini safi na ya kutosha, na seli ya binadamu haitoi kiasi hicho kwa urahisi. Kwa hiyo jeni ya binadamu hupachikwa katika kipande cha vinasaba, kipande hicho huingizwa katika bakteria, na bakteria huizalisha protini. Bcl-2 mara nyingi hukatwa mkia unaoishikiza kwenye utando, kwani ukibaki protini haiyeyuki vizuri majini. Kinachouzwa ni kichupa kidogo kilichogandishwa, kwa ajili ya utafiti tu, si tiba.

Kichupa hicho kiitweje kwa Kiswahili? "Protini unganishi" humfanya msikilizaji adhani kwamba protini hiyo ina kazi ya kuunganisha vitu. "Protini pandikizi" ina mizizi katika bustani na miche, na wengi wamesikia habari za kupandikiza figo. Lakini kinachopandikizwa hapa ni jeni. "Protini ya jeni pandikizi" ni ndefu, ila haipotoshi.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kibandiko kinaposema "protini ya binadamu", mzazi anaweza kudhani kwamba imetolewa mwilini mwa mtu, ilhali imetoka kwa bakteria. Kinyume chake, seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe ni vizazi halisi vya mwili wa mtoto fulani. Baadhi ya koo za seli zilizoanzishwa miaka ya 1960 zingali zinagawanyika na kuuzwa hadi leo. Kiswahili cha fomu za ridhaa huweza kuviita vyote viwili "sampuli". Neno hilo moja linafunika tofauti ambayo mzazi angeiuliza kwanza, laiti angeelezwa kwamba ipo.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na sampuli zinazotoka nchini huhitaji mkataba wa kuzihamisha. Mahali pa kuanzia ni katika mikataba hiyo na fomu zake: "sampuli" ibaki kwa kipande kilichokatwa, "seli endelevu" itumike kwa zile zinazokuzwa bila kikomo, na "protini ya jeni pandikizi" kwa kile kilicho ndani ya kichupa.