Milimita Mbili za Datsun

Ukitaja Safari Rally, watu hukumbuka madereva. Lakini chuma kilicho chini ya boneti nacho kina historia yake.

Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda akiwa na Datsun 240Z: injini ya silinda sita za mstari mmoja, sisi 2,393. Baadaye ilikuja ndugu yake, L28, na pacha wa dizeli, LD28. Mafundi wakagundua kwamba kranki ya dizeli inaingia kwenye bloku ya petroli. Mwendo wa pistoni unatoka milimita 79 hadi 83. Sisi 2,753 zinakaribia 2,900 bila kuongeza silinda hata moja.

Shida ni kwamba pistoni sasa inapanda milimita 2 zaidi. Usipobadilisha konrodi au pistoni, inagonga silinda hedi na kazi yote imeenda.

Fundi wa Tuwan, pale Kitale, akitaka kuiunda nyuma ya nyumba, hesabu ni hiyohiyo. Tunamwita jua kali kana kwamba anabahatisha tu. Lakini injini haimsamehe anayebahatisha. Historia ya Safari ni yake pia.