Namba Iliyo Chini ya Chupa

Hebu chukua losheni iliyo karibu nawe uipindue. Acha jina, acha picha ya ua, acha ile ahadi ya ngozi nyororo kutwa kucha. Tafuta kitu ambacho mchoraji wa lebo hakukipanga: herufi na tarakimu chache zilizopigwa kwa wino wa nukta nukta, zimekaa mshazari kidogo, na rangi yake haioani na chochote. Wakati mwingine ukizisugua kwa kidole gumba zinafutika. Hiyo ndiyo namba ya bechi.

Inakaa vibaya kwa sababu inafika mwisho. Lebo huchapishwa mapema, kwa maelfu, zikakaa stoo zikisubiri. Namba ya bechi haiwezi kuchapishwa hadi ijulikane ni losheni ya sufuria gani imeingia ndani, kwa hivyo mashine huipiga chupa ikiwa tayari inakimbia kwenye mkanda wa kiwanda. Ndiyo maana ukiitafuta, tafuta kinachoharibu urembo wa chupa. Anza na kitako, kisha shingo, chini kidogo ya mfuniko. Kwenye tyubu ni pale mkiani palipobanwa, na hapo mara nyingi hakuna wino kabisa. Tarakimu zimegandamizwa kwenye plastiki na utazisoma tu ukiinamisha tyubu kwenye mwanga. Sacheti ya shampuu inayo kwenye ukingo uliofungwa kwa moto. Rangi ya mdomo inayo chini, mara nyingi kwenye kile kistika cha mviringo. Pafyumu inayo mara mbili, kwenye boksi na kwenye kioo, na hizo mbili zinapaswa kufanana.

Usiichanganye na barkodi. Barkodi ni ya bidhaa nzima: losheni zote za aina na saizi moja, ziwe zilipikwa mwaka jana au juzi, zina barkodi moja. (Zile tarakimu 616 za mwanzo, ambazo mtaani tunaambiwa ni ushahidi kwamba kitu kimetengenezwa Kenya, zinaonyesha tu kwamba mwenye bidhaa alipewa namba kupitia Kenya.) Bechi ni ya sufuria. Inasema hizi chupa zilizaliwa pamoja.

Kwa miaka mingi habari hiyo haikumhusu mtu yeyote nje ya kiwanda. Iliyotufikisha hapa ni mlolongo wa vifo, na ukiufuata unaanzia kwenye kope.

Mwaka 1933, Marekani, kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Kemikali iliyokuwa ndani yake ni parafenilinidiamini, ile ile inayotiwa hadi leo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele, na kwenye piko inayochorwa mikononi mwa maharusi wa Pwani. Kwenye kope iliunguza. Kuna wanawake waliopofuka, na angalau mmoja alikufa. FDA, mamlaka ya serikali, haikuwa na nguvu ya kuiondoa sokoni, kwa sababu sheria ya 1906 ilihusu vyakula na dawa, vipodozi haikuvitaja popote. Kilichowezekana ni kukusanya picha za walioumia na kuzitundika kwenye maonyesho, pamoja na vichupa vyenyewe, ili wabunge na wananchi wajionee. Yaani serikali nzima ilibaki kuonyesha picha.

Sheria mpya ilikwama bungeni miaka mitano. Kilichoikwamua kilikuwa dawa. Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee ilitaka salfanilamidi, dawa ya maambukizi, iwe ya maji badala ya tembe. Mkemia wake akaiyeyusha kwenye dietilini glaikoli, kitu kitamu kidogo mdomoni na sumu kali kwa figo. Hakuna aliyeijaribu kwanza, sheria haikudai. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Sehemu ninayoipenda, kama neno kupenda linafaa hapa, ni msako uliofuata. Karibu wakaguzi na wakemia wote wa FDA, watu 239, waliingia barabarani kutafuta galoni 240 za dawa zilizotawanyika nchi nzima. Walipekua maelfu ya karatasi za mauzo kwa mkono. Walifuata mawakala hotelini, wakaenda kwa madaktari, wakagonga milango ya wagonjwa. Wakala mmoja alikataa kusema alikouza hadi alipowekwa ndani. Mwishowe walipata galoni 234 na painti moja. Nyingi ya zile ambazo hazikupatikana zilikuwa zimekwisha kunywewa. Juni 1938 Rais Roosevelt akatia sahihi sheria mpya, na safari hii vipodozi vilikuwemo. Lash Lure ikawa bidhaa ya kwanza kukamatwa chini yake.

Lakini soma tena huo msako. Watu 239 walifanya kazi ambayo kimsingi ni swali moja: chupa za sufuria hii ziko wapi? Sheria ya 1938 iliwapa nguvu ya kukamata. Haikumpa mwananchi njia ya kujua mwenyewe kama chupa iliyo kabatini mwake ni mojawapo.

Njia hiyo kwa vipodozi ilikuja kutoka Ufaransa, na sababu yake inaumiza zaidi. Mwaka 1972 watoto wachanga walianza kuletwa hospitalini wakiwa na vidonda matakoni, kisha degedege, kisha usingizi mzito ambao baadhi hawakuamka. Madaktari mwanzoni walifikiri ni virusi. Ilikuwa poda. Poda ya watoto iliyoitwa Talc Morhange, ambayo kwa makosa ya kiwandani ilichanganywa na heksaklorofeni, dawa ya kuua bakteria, kwa kiwango cha asilimia 6.3. Zote mbili ni unga mweupe. Walioathirika ni 204. Waliokufa ni 36. Kila mara mama alipomwona mtoto ana upele, alifanya nini? Alimpaka poda zaidi.

Ufaransa ilipitisha sheria yake ya vipodozi Julai 1975. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1976, Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikatoa agizo namba 76/768, na humo, katika orodha ya mambo ambayo lazima yaandikwe, ndimo ilimo namba yetu: namba ya bechi au alama nyingine ya kutambulisha bidhaa. Kukawa na ruhusa moja ndogo. Kama bidhaa ni ndogo mno, namba inaweza kukaa kwenye boksi peke yake. Kwa hivyo ukinunua wanja mpya, ukararua boksi na kulitupa, huenda umetupa kitambulisho chake pia. Sheria ya Ulaya inayotumika sasa, ya 2009, imeyaweka yote mawili, dai na ruhusa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346, nacho kinadai namba ya bechi.

Sasa rudi kwenye huo mwaka 1972, lakini njoo Nairobi. Mwaka huo huo jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha ripoti kuhusu watu wazima 60 wa Nairobi waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha uso na miguu. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Nakala ziko, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Nimeziweka hizi habari mbili pamoja kwa makusudi, kwa sababu namba ya bechi ingeokoa watoto wa Ufaransa na isingeokoa figo hata moja ya Nairobi. Poda ya Morhange ilikuwa ajali. Kulikuwa na poda nzuri na poda mbovu, na kazi ilikuwa kuzitenganisha. Krimu ya zebaki haikuwa na nzuri. Zebaki ilikuwa ndiyo kazi yenyewe; kila sufuria iliyopikwa, ya Jumatatu na ya Ijumaa, ilikuwa nayo kwa kupimwa. Namba ya bechi hutambua kosa lililotokea ndani ya kiwanda kinachojaribu kufanya vizuri. Kwa kiwanda ambacho sumu ndiyo bidhaa, haina la kusema.

Kwa hivyo dawa ya Nairobi ikawa marufuku. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Kimataifa, Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuvusha mipaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni. Na marufuku ikaleta tabia mpya sokoni, ambayo mtu yeyote aliyezunguka maduka ya urembo ya tao ameiona: kopo lisilo na mtengenezaji, lisilo na anwani, na ukilipindua, lisilo na kitu. Kitako safi kabisa. Mwenye kuuza kilichokatazwa hana sababu ya kukiwekea kitambulisho cha kumrudisha nyumbani kwake.

Kuna na kitako kilichokwaruzwa. Hicho si lazima kiwe feki. Makampuni makubwa hutumia namba ya bechi kujua ni msambazaji gani aliyevujisha mzigo nje ya nchi aliyopangiwa, na mfanyabiashara anayetaka kumficha huyo msambazaji huifuta. Pafyumu inaweza kuwa halisi. Lakini siku ikitangazwa kwamba bechi fulani ina kasoro, wewe mwenye chupa iliyokwaruzwa uko pale pale alipokuwa mgonjwa wa Tennessee mwaka 1937.

Wengi wetu, tuseme ukweli, hatuitafuti namba kwa ajili ya kasoro. Tunataka kujua kitu kimekaa rafuni muda gani. Ulaya hailazimishi tarehe ya mwisho kwa kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30. Tangu 2005 hukiwekea kile kichoro cha kopo lililofunguliwa, chenye 6M au 12M, na miezi hiyo huhesabiwa kuanzia siku uliyofungua wewe. Kwa hivyo watu huigeukia bechi. Wakati mwingine inasomeka. Kuna viwanda vinavyoandika tarakimu ya mwisho ya mwaka kisha siku ya mwaka: 4123 ni siku ya 123 ya mwaka unaoishia na 4, yaani tarehe 2 Mei 2024. Au tarehe 3 Mei 2014, kwa sababu tarakimu moja hurudi kila miaka 10, na hapo ndipo muuzaji mjanja anapopumulia. Viwanda vingine vina lugha yao wenyewe na hawana wajibu wa kukufundisha. Tena namba sahihi si uthibitisho wa uhalisi. Feki zinanakili namba ya chupa moja halisi na kuipiga kwenye elfu. Ukiona pafyumu kumi rafuni, zote za bechi moja, inaweza kuwa katoni moja. Ukirudi miezi sita baadaye kwenye mzigo "mpya" na bado ni ile ile, uliza. Na ule ujumbe wa SM# kwenda 20023 wa KEBS? Utumie, ila unajibu kuhusu kibali cha kampuni. Hausemi chochote kuhusu sufuria.

Aprili 2024 tuliona namba ikifanya kazi yake. Nigeria ilitangaza kuwa imepata dietilini glaikoli katika dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, bechi 329304. Ndiyo, kemikali ile ile ya 1937. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ikaamuru bechi hiyo irudishwe. Kenvue, wenye chapa, walisema baadaye kwamba vipimo vyao havikuipata sumu hiyo. Lakini angalia jinsi habari ilivyosafiri: tarakimu sita, kwenye WhatsApp za wazazi, na kila mtu akaenda kabatini kupindua chupa. Aliyekuwa na bechi nyingine alilala.

Anayenunua mafuta au pafyumu ya kupimiwa hana cha kupindua. Chupa kubwa ya dukani inayo namba, kichupa unachojaziwa hakina, na chupa kubwa ikiisha inatupwa. Ukiwa kwenye kaunta, mwombe muuzaji akuonyeshe kitako cha ile kubwa kabla hajamimina, uipige picha.