Utafutaji wa maneno kwa herufi
Utafutaji wa maneno kwa herufi ni kazi ya kupata maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, kwa mpangilio wowote. Wanaouhitaji hasa ni wachezaji wa Scrabble, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930. Njia nyepesi ni kuzipanga herufi za kila neno kialfabeti: listen, silent, enlist na tinsel yote huwa eilnst, na kompyuta huyakuta chini ya ufunguo mmoja. Herufi za ziada zikiruhusiwa, ufunguo huo hautoshi. Lazima kila herufi ihesabiwe, maana anayetaka s mbili hatosheki na moja. Kwa mchezaji, Q ndiyo msumbufu: hufuatwa na u karibu kila mara, ingawa neno qi hukubaliwa mchezoni.